Nchi ya Karafuu na Nchi ya Mizabibu

Zipo nchi ambazo mtu akizitaja, mara hukumbuka mmea mmoja. Ukitaja Kilimanjaro, watu hufikiri kahawa. Ukitaja Tanga, hufikiri mkonge. Na ukitaja Unguja, hata mtu ambaye hajavuka bahari hufikiri karafuu. Katika Ulaya pia ziko nchi za namna hii. Mojawapo yenye sifa nyingi ni nchi ya Bordeaux, magharibi ya Ufaransa, mahali ambapo mto Garonne na mto Dordogne hukutana na kufanya mlango mpana wa maji uitwao Gironde, kisha maji yote humwagika katika bahari ya Atlantiki. Mmea wa nchi hiyo ni mzabibu, na kazi yake kuu ni divai. Watoto wengi wa Unguja wamesikia habari za mzabibu kanisani, wala hawajauona kwa macho, ijapokuwa siku hizi hustawi sana huko bara katika nchi ya Dodoma.

Somo hili ni habari za nchi hizo mbili, lakini nyingi zaidi ni za Unguja. Kwa maana si vizuri mtu kujua sana nyumba ya mbali, na nyumba yake mwenyewe asijue ilijengwaje.

Tazama ramani ya Unguja. Kisiwa kimelala kaskazini hata kusini, urefu wake kama maili 53. Ungekipasua kwa kisu katikati, ungepata nchi mbili zisizofanana. Upande wa mashariki na kusini, penye Chwaka, Paje, Jambiani na Makunduchi, ni nchi ya mawe: udongo ni haba, umelala katika mashimo ya mawe ya matumbawe, na mkarafuu hauwezi kuota. Watu wa huko tangu zamani wameishi kwa kuvua, na kwa kufukia makumbi ya nazi pwani mpaka yaoze, wapate kusokota kamba. Na tangu miaka ya mwisho ya 1980 wanawake wengi wamelima mwani, wakifunga vipande vyake katika kamba wakati maji yanapokupwa. Upande wa magharibi na kaskazini, nyuma ya mji, ndiko kwenye vilima, udongo mwingi, vijito na mvua ya kutosha, ya masika na ya vuli. Huko ndiko penye mikarafuu. Watu wa mjini wakisema, “Fulani amekwenda shamba,” mara nyingi hawana maana kwamba amekwenda kulima. Maana yake ametoka mjini tu. Neno limekuwa kubwa kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa kubwa.

Mgeni atakaye kuiona nchi hiyo hutoka Darajani, akafuata njia ya kaskazini, bahari ikiwa mkono wake wa kushoto. Kwanza hufika Mtoni, penye magofu ya jumba la Seyyid Said bin Sultan, kisha Bububu, penye chemchemi ambayo Sultani Barghash aliyavuta maji yake katika mifereji mpaka mjini. Mwaka 1905 njia hii ilikuwa na reli, kutoka Ngomeni hata Bububu, kama maili 7. Na gari la moshi lilipita karibu sana na milango ya watu, hata wenye maduka walilazimika kuangalia bidhaa zao. Reli hiyo haipo tena. Kutoka Bububu njia hugeuka kulia na kupanda vilimani, kuelekea Kidichi na Kizimbani, na hapo hewa hubadilika. Pana kivuli, pana unyevu, na kama ni wakati wa mavuno, harufu humjia mgeni kabla hajaona karafuu hata moja.

Lakini mkarafuu si mmea wa Unguja. Asili yake ni visiwa vya Molucca, mbali sana mashariki, katika nchi ambayo leo ni Indonesia. Kwa muda mrefu karafuu zote za dunia zilitoka katika visiwa vichache vya huko, kama Ternate na Tidore. Karne ya 17 Waholanzi walivishika visiwa hivyo, wakataka biashara yote iwe mikononi mwao peke yao. Basi wakaamuru mikarafuu ikatwe na kuchomwa kila mahali isipokuwa Ambon na visiwa vilivyo jirani yake, ili wao wapange bei wapendavyo. Yamkini hakuna mti mwingine uliokatwa kwa wingi hivyo, si kwa kuwa ni mbaya, bali kwa kuwa ni mzuri kupita kiasi.

Aliyeuvunja ukiritimba huo alikuwa Mfaransa, jina lake Pierre Poivre. Alikuwa mkuu wa mambo ya serikali katika kisiwa cha Morisi, ambacho wakati ule kilikuwa cha Wafaransa. Mwaka 1770, na tena mwaka 1772, merikebu alizozituma zilirudi na miche ya mikarafuu na mikungumanga iliyopatikana kwa siri, ikapandwa katika bustani ya Pamplemousses. Mingi ilikufa. Michache iliyosalia ilizaa, na mbegu zake zikapelekwa kisiwa cha Bourbon, ndicho Réunion ya leo. Na kutoka visiwa hivyo vya Wafaransa, mwanzoni mwa karne ya 19, Mwarabu mmoja mfanyi biashara, Saleh bin Haramil, aliuleta mkarafuu Unguja, akaupanda Mtoni na Kizimbani. Hakufaidi muda mrefu. Seyyid Said alipofika Unguja mwaka 1828 na kuona jinsi miti ilivyostawi, hakupendezwa na utajiri wala nguvu za mtu yule, akamnyang’anya mashamba yake.

Kisha Seyyid mwenyewe akawa mkulima mkubwa kuliko wote. Husimuliwa kwamba aliwaamuru wenye mashamba kupanda mikarafuu 3 kwa kila mnazi mmoja, na asiyetii alitishwa kupokonywa ardhi yake. Watu wakaacha mpunga na mihogo wakafuata karafuu. Alipokufa mwaka 1856, akiwa baharini katika kurudi kutoka Maskati, Unguja na Pemba zilikuwa zikiuza karafuu nyingi kuliko nchi nyingine yo yote ya dunia.

Matajiri wa mji walikuwa na nyumba mbili: nyumba ya mawe mjini, na nyumba shamba. Binti wa Seyyid, Bibi Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na baadaye kuolewa na Mjerumani, aliandika habari za maisha hayo katika kitabu kilichotolewa Ujerumani mwaka 1886. Kidichi mpaka leo yapo mahamamu ambayo Seyyid alimjengea mke wake Mwajemi mwaka 1850, kuta zake zimenakshiwa maua na ndege kwa chokaa. Wageni wengi huingia, hutazama nakshi, hupiga picha, kisha hutoka. Wachache tu huuliza ni nani waliochukua chokaa hiyo vichwani.

Na hilo ndilo swali la nchi yote ya karafuu. Mti huu unataka mikono mingi. Karafuu ni ua ambalo halijafunua. Likifunua, halina thamani tena. Basi huchumwa katika siku chache zile ambapo vichwa vyake vinageuka rangi kutoka kijani kuwa vyekundu kidogo; na kwa kuwa vishada vya mti mmoja haviivi vyote pamoja, mchumaji hurudi katika mti ule ule mara mbili au tatu. Mikono hiyo, katika siku za Seyyid na za wanawe, ilikuwa mikono ya watumwa: Wayao, Wanyasa, Wazaramo na wengine wengi, waliotekwa bara, wakatembezwa mpaka pwani wakiwa wamefungwa, wakavushwa majahazini, wakauzwa Mkunazini. Siku mbili katika juma walipewa wajilimie chakula chao. Zilizobaki ni za bwana. Wala wengi wao hawakuishi miaka mingi. Utajiri ulionukia mjini ulikuwa na watu hao chini yake, kama vile nyumba ilivyo na msingi usioonekana.

Kisha ikaja tufani ya mwaka 1872. Katika mwezi wa Aprili upepo ulianza kuvuma kwa namna ambayo wazee hawakuijua, kwa maana tufani za Morisi na Bukini si kawaida kufika Unguja. Ulivuma usiku na mchana, ukageuka upande, ukavuma tena. Ulipotulia, merikebu na majahazi yaliyokuwa mbele ya mji yalikuwa yamevunjika ufukoni, na katika vilima mikarafuu ilikuwa imelala chini na mizizi juu. Sehemu kubwa kabisa ya mikarafuu ya Unguja iliangamia kwa siku moja, na minazi pia. Aliyelala tajiri aliamka na deni. Lakini Pemba, kisiwa kilicho kaskazini, upepo ulikigusa kidogo tu. Na tangu mwaka ule mpaka leo karafuu nyingi za Zanzibar hutoka Pemba, wala si Unguja.

Wenye mashamba walitaka kupanda upya, nao wakataka watumwa zaidi wa kuchimba mashimo na kupalilia. Lakini mwaka uliofuata, mwezi Juni 1873, Sultani Barghash alilazimishwa na Waingereza kutia sahihi mkataba wa kukataza kuvusha watumwa baharini, na soko la Mkunazini likafungwa. Mahali pale pale, siku ya Krismasi ya mwaka 1873, liliwekwa jiwe la msingi wa kanisa. Askofu Edward Steere alilisimamia mpaka likaezekwa, naye akazikwa ndani yake mwaka 1882. Lakini kufungwa kwa soko hakukuwa kufunguliwa kwa watu. Watumwa waliokwisha kuwa shamba walikaa watumwa miaka 24 zaidi, mpaka tarehe 6 Aprili 1897, ilipotolewa amri kwamba hakuna tena mtu ambaye baraza la hukumu litamtambua kuwa mtumwa. Hata hapo ilimpasa kila mtu kwenda mwenyewe kuomba cheti chake; na wengi hawakwenda, kwa kuwa nyumba, shamba la mihogo, na kaburi la mama vilikuwa katika ardhi ya bwana. Kusini ya mji, Mbweni, wamisioni walikuwa wamenunua shamba mwaka 1871, na huko watu waliookolewa katika majahazi walipewa viwanja wajenge, walime na kusoma. Lilikuwa shamba kama mashamba mengine, lenye miti na udongo ule ule. Tofauti ni kwamba mwenye kulima alilala bila kuogopa mnada.

Sasa na tuvuke mpaka Bordeaux.

Mgeni afikaye huko katika mwezi wa Septemba huikuta nchi ikiwa katika shughuli kama Unguja wakati wa mavuno. Nchi ni tambarare, na mizabibu imepandwa kwa mistari iliyonyoka, mifupi kama kimo cha mtoto, hata mtu akisimama huona mbali sana. Udongo wenyewe katika sehemu iitwayo Médoc ni changarawe tupu. Mkulima wa Kiunguja angeutazama na kutikisa kichwa. Lakini mzabibu hupenda taabu: katika udongo mnono huzaa majani mengi, na katika changarawe hushusha mizizi yake chini sana, na zabibu zake huwa na ladha. Kila shamba lina jina lake, na nyumba ya mwenye shamba huitwa château, maana yake ngome, ijapokuwa nyingine ni nyumba za kawaida tu zenye bustani.

Magharibi ya mizabibu hiyo iko pwani ya Atlantiki, nayo, kama mashariki ya Unguja, ni nchi nyingine kabisa. Hakuna mzabibu, kuna mchanga na misonobari. Zamani upepo wa baharini uliusukuma mchanga ukafunika mashamba na hata majumba, basi karne ya 19 watu walipanda misonobari maelfu kwa maelfu ili kuushika. Bado kipo kilima kimoja cha mchanga mtupu, chaitwa Pilat, kimo chake ni zaidi ya mita 100, nacho kila mwaka hutembea kidogo kuingia msituni. Karibu yake iko ghuba ya Arcachon, ambamo watu hufuga chaza. Maji yakikupwa hutembea katika matope wakiwa na viatu virefu, kama wanawake wa Paje waendavyo katika mwani wao. Mvuvi wa chaza na mkulima wa zabibu ni majirani, lakini mmoja hutazama mwezi na mwingine hutazama mawingu.

Na nchi hiyo pia ilipatwa na msiba wake, karibu katika miaka ile ile ya tufani ya Unguja. Haukuja kwa upepo. Katika miaka ya 1860 mdudu mdogo, kama chawa, aliingia Ufaransa pamoja na mizabibu iliyoletwa kutoka Marekani. Mdudu huyu hukaa mizizini na kunyonya. Mwenye shamba huona majani yakigeuka manjano, akadhani ni ukame. Mwaka wa pili matunda ni haba. Mwaka wa tatu mti umekufa, na aking’oa, mizizi imeoza. Wakulima walijaribu kila kitu. Wengine waligharikisha mashamba maji, wengine walitia dawa kali udongoni. Serikali iliahidi zawadi kubwa kwa atakayepata dawa. Mwisho iligunduliwa kwamba mizabibu ya Marekani imezoea mdudu yule, na mizizi yake haifi. Basi watu wakachukua mizizi ya Marekani, wakapandikiza juu yake vijiti vya mizabibu yao wenyewe. Ndivyo ilivyo mpaka leo. Wengi wa Wafaransa wa siku zile waliona haya kwamba mizabibu ya baba zao itasimama juu ya miguu ya kigeni, nao walibishana miaka mingi, huku mashamba yakifa.

Halafu ukaja ugonjwa mwingine, ukungu wa majani. Dawa yake ilipatikana kwa namna ya kuchekesha. Katika Médoc, wapita njia walikuwa wakiiba zabibu katika mistari iliyo kando ya barabara. Wenye mashamba wakachanganya mrututu na chokaa, wakanyunyizia mistari ile, majani yakawa ya rangi ya samawati, ili mwizi aogope sumu. Mwaka 1882 mwalimu wa elimu ya mimea katika Bordeaux, jina lake Millardet, alipita njiani akaona jambo la ajabu: mizabibu ya ndani ilikuwa imepukutika majani kwa ugonjwa, lakini ile ya kando ya barabara ilikuwa mizima. Watu wote waliiona. Yeye aliuliza kwa nini. Alifanya majaribio, na mwaka 1885 akatangaza dawa yake, ambayo mpaka leo huitwa kwa jina la Bordeaux. Wazee wengi wa Kilimanjaro waliolima kahawa wanaujua mrututu vizuri, nao huenda hawajui kwamba ulianza kwa wezi wa zabibu.

Mikarafuu nayo ina ugonjwa wake, mbaya kuliko tufani kwa kuwa hauna siku. Watu huuita kifo cha ghafla. Mti mkubwa, ulio mzima leo, huanza kunyauka; majani hugeuka rangi ya kutu, na kwa muda mfupi mti umekufa wima. Hushika zaidi miti mikubwa, yaani ile ile inayolisha watu. Wataalamu walishughulika nao sana katikati ya karne ya 20, wakaona kwamba ni kazi ya ukungu. Lakini dawa kama ile ya Millardet haikupatikana. Linalofanyika ni kupanda mingine, na hapo ndipo ilipo shida. Mzabibu huzaa baada ya miaka 3 hivi. Mkarafuu hutaka miaka 7 au 8 kabla ya kutoa mavuno ya kuhesabika. Mwenye njaa leo hawezi kungoja hivyo kwa urahisi, naye hupanda mihogo.

Mambo mengine yalibadilika pia. Baada ya mapinduzi ya Januari 1964 mashamba makubwa yalichukuliwa na serikali, yakagawiwa watu eka tatu tatu, hata neno “eka” likawa jina la shamba lenyewe. Karafuu zikanunuliwa na shirika la serikali peke yake. Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkubwa, kwa kuwa watu wake hutia karafuu katika sigara zao, ilipanda mikarafuu yake tena kwa wingi, na katika miaka ya 1980 bei ilianguka sana. Mkulima asiyepata bei njema huiacha miti yake isongwe na magugu, au huziuza karafuu usiku kwa njia ya magendo. Hilo halikuanza jana. Siku hizi, katika vilima vya Kizimbani na Kidichi, wako watu wanaopata zaidi kwa wageni wanaokuja kunusa viungo kuliko kwa viungo vyenyewe. Mgeni huvunjiwa jani la mdalasini, huonyeshwa kungumanga, huvishwa kofia ya makuti. Bordeaux nako wageni huonjeshwa divai. Hakuna ubaya, isipokuwa mgeni wa siku moja huona mti, na hauoni mwaka.

Mwaka wenyewe huonekana mavunoni, ambayo makubwa yake huanza kama mwezi wa Julai. Wachumaji hupanda alfajiri, wakiwa na kamba, vikapu na ngoeko ya kuvutia matawi. Tawi la mkarafuu ni jepesi kukatika, na kila msimu wako wanaoanguka, wengine wasiinuke tena; kwa hiyo mchumaji mzoefu hujifunga kwa kamba, wala hamcheki anayeogopa. Jioni watu wote hukaa chini kuchambua, vidole vikitenga karafuu na vikonyo. Makonyo hayatupwi, hukamuliwa mafuta. Karafuu mbichi ratili 3 hutoa kavu kama ratili 1, na kukauka huku hutaka jua la siku 4 au 5. Huanikwa katika majamvi mbele ya nyumba, na mara nyingi kando ya njia. Zikipigwa na mvua hupauka, na bei yake huanguka. Basi kila jamvi huwekewa mtoto wa kulilinda, ambaye kazi yake ni kufukuza kuku na kutazama mbingu upande upepo unakotoka; naye akiona wingu jeusi juu ya vilima, hupiga kelele, na nyumba nzima hutoka mbio kukunja majamvi.